Kompyuta mbili, nyumba moja, na bado mafaili hayapiti: shida iko wapi hasa?

Jumapili saa nne asubuhi simu inaita, ni shemeji, mume wa dada, anakaa Tabata na ana kazi yake ya kupiga na kuhariri picha za harusi. Sebuleni ana kompyuta ya mezani yenye hadisk kubwa, chumbani dada ana laptopu ambayo ndo anatengenezea albamu za wateja. Mwaka mzima wamekuwa wanahamisha picha kwa flashi, harusi moja GB 40, flashi yenyewe GB 32, hesabu fanya mwenyewe. Sasa wameamua kushea folda kwa mtandao wa nyumbani, wamefuata video fulani hatua kwa hatua, na imegoma.

"Shem, hizi mashine hazionani kabisa."

"Hazionani kivipi?"

"Nikifungua pale kwenye Network hamna kitu, peupe."

"Na mpaka sasa umeshagusa nini?"

"Aah, nimezima fayawoli, nimetoa antivairasi, nimewasha na ile SMB 1, paswedi nimeondoa..."

"Shem, naomba usiguse tena, nakuja."

Sasa hilo neno "hazionani" ndo linalopoteza watu, maana kwenye habari hii kuonekana ni kitu kimoja na kufikika ni kitu kingine kabisa, halafu kutambulika ukishafika ni kitu cha tatu, na kuruhusiwa kushika mafaili ukishatambulika ni cha nne. Mambo manne, kila moja na ugonjwa wake na dawa yake, na mtu akiyachanganya anaishia kama shemeji, anabomoa ukuta wa nyumba wakati kumbe funguo ndo siyo.

Tuanze na hilo dirisha la Network maana ndo linalosingizia kuliko yote. Zamani, enzi za Windows XP na 7, kompyuta za mtandao mmoja zilikuwa zinachagua mwenzao mmoja awe kama karani, anatunza rejesta ya nani yupo, na wewe ukifungua Network unasomewa ile rejesta. Utaratibu huo ulikuwa umebebwa na SMB 1, lugha ya zamani sana ya kupeana mafaili. Mwaka 2017 mwezi wa tano kikaja kirusi cha WannaCry, kikapita humo humo kwenye tundu la SMB 1, kikafunga mafaili ya watu nchi nyingi, hospitali za Uingereza zikakwama, na kibaya zaidi dawa ya lile tundu Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu mwezi wa tatu, watu tu hawakuapdeti. Kufika Oktoba mwaka huo huo, Windows 10 toleo la 1709 ikawa ukiiweka upya haiji tena na SMB 1, na yule karani akafa nayo.

Siku hizi hamna karani, kila mashine inajitangaza yenyewe kwa sauti, "jamani mimi nipo, naitwa fulani", na anayeifanyia kazi hiyo ni huduma ya ndani ya Windows inaitwa Function Discovery Resource Publication. Huduma hiyo ikiwa imezimwa, mashine inanyamaza. Na hata ikipiga kelele, ile sauti haivuki rauta, inaishia kwenye kipande chake cha mtandao. Kwa hiyo Network kuwa peupe maana yake ni "sijasikia mtu akijitangaza", haina maana "hamna njia". Unaweza usisikie jirani akiimba na bado ukatoka ukamgongea mlango.

Kugonga mlango ni hivi. Kwenye mashine yenye folda fungua lile dirisha jeusi la cmd, andika ipconfig, tafuta panapoandikwa IPv4 Address, utapata namba kama 192.168.100.12. Nenda mashine ya pili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mikwaju miwili ya kulalia nyuma halafu namba, yaani \\192.168.100.12, kisha Enter. Hapo umeruka mambo yote ya majina na matangazo. Ikikuletea folda, umemaliza, lile dirisha lisahau. Ikikuuliza jina na paswedi, pia shangilia, maana umeshafika mlangoni, shida yako ni kutambulika tu. Ikizunguka wee halafu ikatoa 0x80070035, au kwa maneno kwamba njia ya mtandao haikupatikana, basi hapo ndo kweli hujafika.

Kwa shemeji ikatokea kitu ambacho nakipenda kusimulia. Kwenye laptopu ya chumbani nikaandika namba ya mashine ya sebuleni, pap, ikauliza paswedi. Shemeji akabaki mdomo wazi, "si hazionani?" Nikatoka sebuleni nikafanya kinyume chake, kutoka sebuleni kwenda chumbani, ikagoma kabisa. Upande mmoja inapita, upande wa pili haipiti, na mashine zote fayawoli, ile kinga ya Windows inayozuia wa nje kuingia, imezimwa. Ukikuta hali hiyo acha kuhangaika na Windows, angalia namba. Sebuleni ilikuwa 192.168.100.12, chumbani 192.168.8.103. Hiyo sehemu ya tatu haifanani, 100 na 8, yaani ni mitaa miwili tofauti.

Nikauliza chumbani intaneti inafikaje, nikaonyeshwa. Rauta ya faiba iko sebuleni na chumbani waifai ilikuwa hafifu, wakachukua ile rauta yao ya zamani ya laini, ya 4G, wakavuta waya kutoka ya faiba wakauchomeka kwenye tundu la WAN, lile la kupokelea intaneti, ikawa inasambaza waifai chumbani. Intaneti inapatikana vizuri tu, nani atashtuka? Lakini ile rauta ndogo inafanya kazi ya urauta kamili, inawapa wa chumbani namba zake yenyewe na inasimama mlangoni kama mlinzi wa geti. Anayetoka ndani kwenda nje anapita, na huko nje anaonekana kwa namba ya mlinzi, siyo yake. Anayetoka nje kutaka kuingia, mlinzi anauliza "unamtafuta nani, una miadi?" basi, anaishia hapo. Ndo maana laptopu ilifika sebuleni na sebuleni haikufika kwa laptopu, na matangazo ya majina hayakuvuka upande wowote.

Hii kitu iko kwenye nyumba nyingi kuliko watu wanavyodhani, maana siku hizi nani hana rauta ya zamani kabatini. Dawa yake ni kuivua ile ndogo cheo. Unaingia kwenye setingi zake kwa brauza, kwanza unaibadilisha namba yake iwe ya mtaa wa ile kubwa lakini isiyogongana na mtu, mimi niliweka 192.168.100.250 baada ya kuhakikisha ile kubwa haigawi namba hiyo, kisha unazima DHCP, yaani ile kazi ya kugawa namba, ibaki kwa rauta moja tu. Mwisho unatoa waya kwenye tundu la WAN unauchomeka kwenye la LAN, lile la kuchomekea kompyuta. Fuata mpangilio huo huo, ukianza kwa kuzima DHCP unaweza ukajifungia nje na ukalazimika kuiriseti kwa sindano. Baada ya hapo laptopu ikachukua 192.168.100.15, mtaa mmoja, mlinzi hayupo.

Ndugu yake huyu mlinzi ni ile waifai ya wageni. Rauta nyingi zina jina la pili la waifai la wageni, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kumzuia mgeni asifikie mashine nyingine za nyumba, anapata intaneti peke yake. Mashine moja ikiwa kwenye waifai ya wageni utaumia kichwa bure. Vilevile kuna setingi inaitwa AP isolation, ikiwashwa hata walioko kwenye waifai moja hawagusani. Na VPN, ile programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya pembeni, kama mtu anayo kwenye laptopu azime kwanza ndo ajaribu tena. Na ukiona namba inaanza na 169.254 hapo mashine haijapewa namba na mtu, imejipa yenyewe, angalia waya au rauta kwanza.

Neno kuhusu ping, ile amri ya cmd ya kuita mashine nyingine uone kama inajibu. Watu wanapiga ping, haijibu, wanahitimisha mashine haifikiki. Windows ambayo fayawoli yake iko kazini na kushea hakujawashwa inanyamazia ping makusudi, kwa hiyo kukosa jibu siyo ushahidi. Mimi nikishapiga ping na kunyimwa naandika arp -a hapo hapo. Ikiwa kwenye orodha ile namba ya mwenzako ipo na pembeni yake kuna ile anwani ya vipande sita vya herufi na tarakimu, basi mashine ipo, hai, mtaa mmoja na wewe, ila imekaa kimya. Hiyo inakuambia barabara ni nzima, kilichofungwa ni mlango.

Tukaja kwenye mlango sasa. Nikarudisha fayawoli zote mbili, shemeji hakupenda, "si itagoma tena?" Ikagoma kweli. Kupeana mafaili kwa Windows kunapita mlango namba 445, na unaweza kuupima peke yake: fungua PowerShell, dirisha lingine la amri kama cmd, andika Test-NetConnection 192.168.100.12 -Port 445, subiri. Mstari wa mwisho unaandika TcpTestSucceeded, True au False. Kwetu ikaja False. Tukaenda kwenye mashine ya sebuleni, Settings, Network & internet, tukafungua ule mtandao wenyewe, tukakuta umewekwa Public network.

Hapa ndo naona Windows inawaonea watu. Windows 11 ikikutana na mtandao mpya inauchukulia kama wa hadharani, kama vile uko kituo cha basi, na kwenye hadhara haigawi folda kwa mtu. Ni akili nzuri, ila haikuambii. Hamna ujumbe unaosema "nimekunyima kwa sababu nadhani uko stendi". Ukibadilisha rauta tu, inaona ni mtandao mpya, inarudi kwenye Public, na kushea kulikokuwa kunafanya kazi miaka miwili kunakufa bila sababu inayoonekana. Badilisha iwe Private network, kwenye mashine zote mbili, halafu ingia Advanced network settings, Advanced sharing settings, washa Network discovery na File and printer sharing upande wa Private. Tukapima tena 445, ikaja True, fayawoli ikiwa kazini. Kwa hiyo kuizima hakukuwa na maana yoyote, na naomba watu waache huo ushauri, ukizima leo kwa ajili ya picha za harusi kesho unaenda na laptopu kwenye waifai ya hoteli ikiwa uchi. Antivairasi zenye fayawoli yake mwenyewe nazo zina swali lile lile la mtandao wa nyumbani au wa hadharani, usisahau kuangalia na huko.

Ile SMB 1 aliyoiwasha nikaizima pia. Kama mashine zako zote ni Windows 10 au 11 huihitaji kwa lolote. Wanaoihitaji ni wale wenye vifaa vya kizamani, mfano rauta ya siku nyingi yenye tundu la USB la kuchomeka hadisk, na kwao ushauri wangu ni hadisk ihamie kwenye kompyuta.

Sasa paswedi. Hapa shemeji akakaa mwenyewe kwenye laptopu, kiboksi kikatokea kinauliza, akaandika tarakimu nne. Ikakataa. Akaandika tena taratibu, ikakataa.

"Shem, ndo hii hii naingilia kila siku."

Ni pini. Pini ya Windows ni ya kufungulia ile mashine tu ukiwa umekaa mbele yake, haisafiri kwenye mtandao hata siku moja. Kinachotakiwa ni paswedi halisi ya akaunti iliyoko kwenye mashine yenye folda, na kama akaunti hiyo ni ya Microsoft basi jina ni imeili na paswedi ni ya akaunti hiyo ya Microsoft, ambayo watu wengi waliiandika mara moja siku ya kununua mashine na hawaikumbuki. Upande wa pili kuna wale wasio na paswedi kabisa, wanawasha mashine inafunguka yenyewe, wao wanadhani ukiacha wazi ndo itapita kirahisi. Windows inakataa: akaunti isiyo na paswedi inaruhusiwa kuingia ukiwa kwenye kiti tu, kwa mtandao hapana. Na ile njia ya kuzima Password protected sharing, inamtegemea Guest, na Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 haimkubali tena Guest kwenye mtandao, kwa hiyo video za 2016 zinazokuambia uzime paswedi zinakupotezea mchana.

Njia ninayoitumia mimi ni kutengeneza akaunti ndogo ya kushea tu. Kwenye mashine yenye folda fungua cmd kwa kubonyeza kulia na kuchagua Run as administrator, andika net user familia * /add, itakuuliza paswedi mara mbili, na usishtuke ukiandika huoni kitu, inaandikika. Basi. Kwenye laptopu ikiuliza jina andika jina la kompyuta ile, mkwaju wa nyuma, halafu familia, kwa shemeji ikawa STUDIO\familia. Ukiweka jina la mashine mbele unaizuia laptopu isijidanganye kwamba unamaanisha familia wa kwake mwenyewe, ambaye hayupo.

Kuna mtego mmoja hapa uliniliza sana miaka ya nyuma. Unasahihisha paswedi, unaandika kila kitu sawa, na bado inakataa, na saa nyingine haiulizi hata paswedi, inakataa moja kwa moja. Ni kwamba laptopu imeshikilia ile ya zamani. Windows haikubali uende mashine moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na kama uliwahi kupiga tiki kwenye kukumbuka, ya makosa imehifadhiwa. Andika net use * /delete kuvunja miunganiko iliyopo, kisha tafuta Credential Manager, upande wa Windows Credentials, ukiona namba au jina la ile mashine liondoe. Ikigoma bado, washa upya laptopu. Nusu ya kesi za "nimefanya kila kitu" ninazoletewa zinaishia hapa.

Tukaingia. Folda ya Harusi ikaonekana, dada akashangilia kutoka jikoni, tukaibonyeza: huna ruhusa.

Hili la nne ni rahisi ukishajua kwamba folda inayosheiwa ina kufuli mbili. Moja ni ya kushea, inawahusu wanaokuja kwa mtandao tu. Ya pili ni ya hadisk yenyewe, ile ya kichupo cha Security, inamhusu kila mtu hata aliyekaa kwenye kiti. Anayekuja kwa mtandao lazima afunguliwe zote mbili, na ile kali zaidi ndo inashinda. Shemeji kwenye ya kushea aliweka Everyone wafanye lolote, kwenye Security familia hayupo hata kwa jina. Kinyume chake kipo pia, mtu anafungua, anaona picha, ila hawezi kuhifadhi, hapo kufuli ya kushea imebaki kwenye kusoma tu. Ukipenda usihangaike, bonyeza folda kulia, Give access to, Specific people, chagua familia, weka Read/Write, yenyewe inapanga kufuli zote mbili. Hadisk ya nje iliyofomatiwa exFAT haina hicho kichupo cha Security, hiyo ina kufuli moja tu. Na usishee folda iliyoko Desktop au Documents, weka kitu kama D:\Harusi peke yake, maana ukishea ya ndani ya akaunti yako saa nyingine Windows inaishia kuanika folda nzima ya Users kwenye mtandao, na hapo utajibu maswali ya mambo mengine.

Mpaka saa nane mchana picha zinapita. Mwendo ukawa MB 11 kwa sekunde, shemeji akanung'unika, na ana haki, kwa mwendo huo GB 40 ni saa nzima. Tundu la ile rauta ya zamani ni la Mbps 100, yaani megabiti, na MB moja ni megabiti nane, kwa hiyo 100 ukigawa kwa 8 ni 12.5, hamna setingi ya kuvuka hapo. Nikamwambia siku ya kazi nzito dada aje na laptopu sebuleni achomeke waya kwenye ile ya faiba ambayo matundu yake ni ya gigabiti, huko unapata kama MB 110 na harusi nzima inapita kwa dakika sita au saba. Mwisho nikamwekea dada ile folda iwe kama hadisk yake, Map network drive, herufi H, kwa kutumia jina STUDIO na siyo namba, kwa sababu namba inaweza kubadilika rauta ikizimika na umeme wetu mnaujua.

Jumanne usiku simu tena. "Shem, H imeweka alama nyekundu, imekufa."

"Mashine ya sebuleni inafanya nini?"

Kimya. Nasikia kandambili zinakwenda sebuleni.

"Imezima kioo... aah. Imelala."

Settings, System, Power, sehemu ya Sleep, weka Never inapokuwa kwenye umeme. Kioo kiache kizime, hicho hakina neno.